Kabla hujanunua lenzi ya ndege, angalia maji yamejaa au yamekupwa

Simama ukingoni mwa hori ya Tudor, Mombasa, saa nne asubuhi, siku ya bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi). Maji yamekupwa, tope limetanda mpaka karibu na mikoko ya ng'ambo, na vitwitwi, wale ndege wadogo wa topeni, wako mita 100 mbele yako wakidonoa. Hata ukiwa na lenzi ya milimita 600, ambayo mtu anayepiga picha kwa kujifurahisha hana haja ya kuivuka, kitwitwi wa sentimita 20 ataonekana kwenye picha akiwa na pikseli 300 hivi kati ya 6000 za upana wake. Hiyo ni nukta yenye mdomo.

Rudi hapo hapo maji yakijaa. Tope limezama, ndege wamesukumwa hadi ukingoni, wako mita 20. Lenzi ile ile, kitwitwi yule yule, pikseli 1500. Hakuna duka Digo Road litakalokuuzia kitu cha kumsogeza ndege mara tano, na bahari inakufanyia bure.

Ndiyo maana anayeuliza "ninunue kamera gani?" naye huulizwa kwanza: unapiga wapi, saa ngapi, na ndege wako mbali kiasi gani? Hapa kwetu, bamvua za mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja na maji kujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kwenye saa nne. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo alasiri ya bamvua ni nzuri: maji yamejaa, jua linateremka, una saa mbili za mwanga laini. Ukipenda asubuhi, ngoja siku ya nne au ya tano baada ya bamvua, maji yatajaa kati ya saa moja na saa mbili. Thibitisha kwa jedwali la maji la Kilindini. Na ukumbuke kwamba vitwitwi, sululu na wenzao wengi ni wageni wa kaskazini: wanaingia kuanzia Agosti na Septemba, wanaondoka kufikia Aprili. Anayenunua lenzi mwezi wa Mei kwa ajili yao ataijaribia kwa kunguru.

Hesabu ya masafa ni nyepesi na ifanywe kabla ya kutoa shilingi. Zidisha urefu wa ndege kwa milimita za lenzi, gawa kwa masafa, vyote viwe kwa milimita. Utapata ukubwa wa ndege juu ya sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea picha. Chukua mdiria mdogo wa sentimita 13, ametua mita 15 kutoka ulipo, nawe una lenzi ya 500: 130 mara 500, gawa kwa 15,000, ni milimita 4.3. Sensa ya APS-C (ile ndogo ya kamera nyingi za kawaida) ya megapikseli 24 ina upana wa milimita 23.5 na pikseli 6000, hivyo mdiria anapata pikseli 1100. Kwa lenzi ya 300, ile inayouzwa pamoja na kamera za mwanzo, anapata 660. Kwa maoni yangu pikseli 1000 ndipo manyoya yanapoanza kuhesabika. Kati ya 500 na 1000 picha inapendeza kwenye simu. Chini ya 300 ni ushahidi tu kwamba ndege alikuwepo.

Hesabu hiyo hiyo inamaliza ubishi wa sensa kubwa na ndogo. Fremu kamili, yaani sensa kubwa, ya megapikseli 24 imetandaza zile pikseli 6000 kwenye milimita 36, kwa hiyo mdiria wetu anashuka hadi pikseli 720. Sensa kubwa ni tamu kwenye giza, lakini ndege akiwa mdogo na yuko mbali utakata picha mpaka ubaki na kipande. Mwenye mfuko wa kawaida achukue APS-C, na kila shilingi 100 aliyotenga, 60 ziende kwenye lenzi. Kamera utaibadilisha baada ya miaka mitatu. Lenzi utakaa nayo.

Lenzi zenyewe sasa. Milimita 400 ndiyo mwanzo, 500 ndiyo raha, 600 inasaidia pale tu hewa inaporuhusu. Kwa wenye kamera za kioo (DSLR, zenye kioo kidogo ndani kinachopeleka picha kwenye jicho lako), Nikon 200-500 f/5.6 ya 2015 (f ni kipimo cha tundu la mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) bado ni lenzi ya kuheshimiwa: inatoa picha kali ikiwa wazi kabisa, ila ina kilo 2.3. Iweke kwenye D500 yenye gramu 860 na unabeba kilo tatu na zaidi kidogo, kwenye joto la Machi, kuanzia alfajiri. Tahadhari moja: lenzi hiyo ina herufi E kwenye jina lake, maana yake tundu la mwanga linaendeshwa kwa umeme. Kamera za zamani kama D90 na D80 haziwezi kuliamuru, hivyo litabaki wazi muda wote. Sigma 150-600 ile nyepesi, ya Contemporary, ina kilo 1.9, na Tamron G2 inafika kilo mbili. Zote mbili zinapoteza ukali kidogo zikivutwa hadi 600. Rudisha hadi 550, funga hadi f/7.1 au f/8, utaona tofauti.

Upande wa Canon, ndege wanaoruka wana rafiki wa zamani: EF 400 f/5.6, ya 1993, kilo 1.25, nyepesi, fokasi ya haraka. Haina kitulizo cha mtikisiko, kwa hiyo chini ya kasi ya 1/800 ya sekunde mkono wako ndio utakaoharibu picha. Ukiiunganisha na 7D Mark II ya 2014 unapata seti ya kilo mbili na ushei inayopiga picha 10 kwa sekunde. Ukihamia kamera zisizo na kioo hutaitupa: lenzi za EF zinafanya kazi vizuri kwenye kamera za R kwa kiunganishi. Nikon nao wana kiunganishi chao, FTZ, lakini zile lenzi za AF-D zinazotegemea mota iliyo ndani ya kamera hazitashika fokasi zenyewe. Muuzaji hatakwambia.

Kuna kishawishi cha Canon RF 600 f/11. Gramu 930 tu, na milimita 600 kamili! Juani, kwenye yangeyange au korongo, itakufurahisha. Ipeleke sasa chini ya mivinje ya Haller Park, msitu uliooteshwa kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi kuanzia 1971. Mwanga pale chini ni mchache: kwa f/6.3 na kasi ya 1/500 tayari uko ISO 3200 au karibu (ISO ni wepesi wa sensa kwa mwanga; ikipanda, picha inachafuka). f/11 inaingiza mwanga mara tatu chini ya hapo, kwa hiyo unakimbilia ISO 10,000, na manyoya yanageuka uji. Tena haijazibwa dhidi ya maji na vumbi, na eneo la kushikia fokasi linabanwa katikati ya fremu. Kwa msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako watu huenda kumtafuta yule bundi mdogo wa Sokoke ndani ya vichaka, sahau kabisa. Vivyo hivyo vile vikuza-lenzi (teleconverter) vinavyokaa kati ya lenzi na kamera: cha mara 1.4 kinakula stopu moja ya mwanga, yaani nusu yake, cha mara 2 kinakula mbili. Lenzi yako ya f/6.3 inakuwa f/9 au f/13, na kamera nyingi za kioo zinashindwa kushika fokasi hapo.

Lenzi ambazo mwili wake haurefuki unapovuta zumu, kama Sony 200-600 ya 2019 na Nikon Z 180-600 ya 2023, zina faida ambayo mtu wa bara hataijali. Lenzi inayorefuka inavuta hewa ndani na kuisukuma nje kila ukizungusha. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na baada ya misimu miwili ya kusi utaiona ndani ya vioo.

Zile kamera za zumu kubwa isiyobadilishwa lenzi, Nikon P900 na P1000, zinadharauliwa bure. P1000 inafika sawa na milimita 3000, na kwa mtu anayetaka kujua ndege aliye juu ya nguzo ni wa aina gani, inatosha. Kasoro yake ni sensa: milimita 6.2 kwa 4.6, eneo dogo mara 13 kuliko la APS-C. Ndege aliyetulia juani, sawa. Mbayuwayu akiruka jioni, hapana. Na ukishavuta hadi mwisho, unapiga picha ya hewa zaidi ya ndege.

Hewa hiyo ndiyo mwizi mkubwa wa picha za pwani. Kufika saa tatu, tope na mchanga vimeshapata moto, na hewa iliyo juu yake inacheza. Ni mazigazi yale yale yanayoonyesha maji kwenye lami. Kwa jicho huoni kitu, lakini kwenye skrini ndege wa mita 60 ana kingo zilizoyeyuka, na kila picha imeharibika kwa namna yake. Watu wengi huchukua picha hizo wakampelekea fundi wakidai fokasi imeharibika. Njia ya kupambanua: piga picha 10 mfululizo za kitu kisichosogea. Zikitofautiana, moja kali kidogo, nyingine imejikunja, ni hewa. Zikiwa zote zimekosea sawasawa, mbele au nyuma, ni fokasi. Lenzi ndefu zaidi haitibu mazigazi, inayakuza. Dawa ni kusogea, au kurudi nyumbani kunywa chai.

Tukija kwenye kununua vya mtumba, ambavyo ndivyo wengi wetu tunavyovimudu. Nenda mchana, na tochi. Toa vifuniko vyote viwili, fungua tundu la mwanga, mulika upande mmoja huku ukitazama upande wa pili kwa mshazari. Vumbi chache si neno, hazionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi kama utando wa buibui zikianzia pembeni mwa kioo: hiyo ni kuvu. Ukungu mweupe uliotanda sawasawa ni mafuta au unyevu uliokauka, nao unapunguza ukali. Kisha geuza utazame shaba ya miguso pale lenzi inapokaa kwenye kamera. Ikiwa na madoa ya kijani, chombo hicho kimeonja bahari, na kilichoonekana nje ni sehemu tu. Zungusha zumu taratibu usikilize: mchanga unasaga, na sauti yake huisahau. Kwa kamera, piga anga jeupe kwa f/16 ili madoa ya sensa yajitokeze, halafu piga picha moja ya sekunde kadhaa ukiwa umefunika lenzi, uone nukta zinazowaka. Uliza hesabu ya shata, yaani picha ngapi kamera imeshapiga. Shika fokasi kwenye kitu cha karibu, cha kati na cha mbali, mara kumi kumi. Na M-Pesa ibonyezwe baada ya yote hayo, chombo kikiwa mkononi mwako na namba zake zimelingana na risiti.

Kadi za memori nazo zina wizi wake. Faili moja la RAW (picha ghafi) la megapikseli 24 ni kama megabaiti 25 hadi 30, na picha 10 kwa sekunde ni megabaiti 250 na zaidi kila sekunde. Kamera inaziweka kwanza kwenye hifadhi yake ya muda, halafu inazimwagia kadi. Kadi ikiwa ya polepole, kamera inagoma wakati ndege kozi ndiyo kwanza anaanza kushuka. Kadi bandia ni mbaya zaidi: imeandikwa gigabaiti 128, ndani ina 16, na picha za baada ya hapo zinapotea kimya kimya. Ukiinunua ijaze yote kwa mafaili kwenye kompyuta, uyasome tena, kabla hujaiamini.

Sasa kuvu, maana ndiyo inayokula fedha zetu kuliko ajali. Inapenda giza, utulivu na unyevu unaozidi asilimia 70, na hiyo ndiyo hali ya kabati yoyote Mombasa miezi mingi ya mwaka. Ikishakaa inatoa tindikali inayochora ngozi ya kioo, na hata fundi akiisafisha, alama zinabaki. Begi la kamera ni la safarini. Sponji yake inashika unyevu, na zile kasha za ngozi ni shamba kabisa.

Kabati la umeme la kukausha ni zuri ukilimudu. Usipolimudu, nunua kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, la lita 15 hivi, na kipima unyevu kidogo cha kidijitali. Tia silika nusu kilo kwenye soksi safi au mfuko wa kitambaa, weka lenzi zikiwa zimesimama, funga. Baada ya usiku mmoja kipimo kiwe kati ya 40 na 50. Kikishuka chini ya 35 punguza silika, kwa sababu mpira na grisi navyo havipendi ukavu. Chagua silika ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba. Ile ya buluu inayokuwa waridi ina kobalti, isiguswe ovyo. Ikishiba, itandaze kwenye trei, itie kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili hadi tatu. Ukizidisha moto, punje zinapasuka. Na mchele usiutie: unanyonya kidogo sana, na vumbi lake la wanga ndilo chakula ambacho kuvu ilikuwa inakitafuta.

AC ina fitina yake. Ukitoka na lenzi kwenye chumba cha nyuzi 20 na kuingia kwenye hewa ya nyuzi 30, inatoka jasho papo hapo, nje na ndani. Ukiipangusa unafuta la nje tu. Iache ndani ya begi lililofungwa zipu dakika 30 hadi 40 mpaka ipate joto. Wanaotaka kuwahi ndege wa alfajiri huliweka begi sebuleni kusiko na AC tangu usiku.

Ukirudi kutoka ufukweni, usianze na kitambaa kikavu. Chumvi na mchanga ni msasa. Anza na pampu ya mpira, puliza kila mahali, halafu kitambaa kilicholowa maji matamu na kukamuliwa sana kwa mwili wa lenzi na kamera, halafu kikavu. Kioo cha mbele kiwe cha mwisho. Kile kikombe cha plastiki kinachokaa mbele ya lenzi kukinga jua usikivue: kinazuia rasharasha na vidole kuliko filta ya bei rahisi, ambayo kwenye milimita 500 itakulainishia kila picha.

Tripodi kwenye tope la mikoko inazama mguu mmoja mmoja. Vipande vitatu vya ndara kuukuu, kila kimoja chini ya mguu wake, vinatibu hilo. Kwenye boti tripodi ni hasara, kwa sababu mtetemo wa mashine unapanda moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Shika mkononi, washa kitulizo, mwombe nahodha azime mashine mkiwa mbali ili maji yawasogeze wenyewe. Kwenye tuktuk, mfuko wa kitambaa wenye kilo mbili za mchele ukilazwa juu ya chuma cha pembeni unashinda tripodi yoyote, mradi dereva naye azime injini. (Hapa ndipo mchele una kazi.)

Mipangilio haihitaji maneno mengi. Fokasi ya kufuatilia muda wote, ISO ijipange yenyewe, kasi 1/500 kwa aliyetua, 1/2000 hadi 1/3200 kwa anayeruka. Yangeyange mbele ya mikoko iliyokolea anaungua, mpunguzie stopu moja hadi moja na nusu. Mnandi au kunguru mbele ya anga anakuwa kivuli, mwongezee moja hadi mbili. Kwa kamera zisizo na kioo, shata ya umeme haina kelele lakini kwenye nyingi, Canon R7 ikiwemo, inasoma sensa polepole na mabawa yanatoka yamepinda. Kwa wanaoruka tumia ya mitambo.

Neno moja la barabarani. Lenzi ya sentimita 30 na zaidi, ikielekezwa bandari ya Kilindini, kivuko cha Likoni, daraja la Nyali au kambi ya jeshi la majini Mtongwe, haionekani kama ya kupigia ndege. Askari akija, teremsha lenzi kwanza, salimia, halafu washa skrini umwonyeshe mdiria. Ndiyo maana kila kadi iachiwe picha tano sita nzuri za ndege ambazo hazifutwi.